Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchimba Mashimo ya Nguzo kwa Mashine

Mfugaji wa Kiruhura au Nakasongola, nchini Uganda, anayetaka kugawa malisho yake kwa seng'enge huanza kwa kuulizia bei ya kukodi mashine kwa siku, ilhali swali lililostahili kutangulia ni la udongo. Keekee ya injini, ile yenye petroli juu na parafujo ya chuma chini, hufanya kazi safi katika udongo tifutifu. Ikikutana na murramu, yaani udongo mgumu wa changarawe, iliyoshikamana, husaga tu juu juu na kumchosha anayeishika. Kwa hiyo, siku kadhaa kabla ya kukodi, pita katika mstari wa uzio ukiwa na mtaimbo, uupigize ardhini hapa na pale, na uweke alama mahali mtaimbo unaporuka kwa sababu ya jiwe au unaponasa katika mizizi. Sehemu hizo zichimbwe kwa sururu na mtaimbo, hata kama mwenye mashine atakuhakikishia kwamba yake haishindwi na kitu.

Msimu nao una uzito wake. Katika maeneo yenye mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, wakati mzuri ni pale mvua zinapokuwa zimepungua na ardhi bado haijakauka. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Karamoja, ukilowa hung'ang'ania parafujo kiasi kwamba utatumia muda mwingi kuikwangua kuliko kuchimba.

Jambo la mpaka lisiachwe hadi nguzo zisimame. Tafuta mawe ya mpaka, waite majirani, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) awepo mstari unapovutwa kwa kamba, hasa penye viwanja vya mailo, yaani ardhi ya hati ya kudumu, ambamo mwenye hati na mwenye kibanja, yaani mkaaji mwenye haki ya kuitumia ardhi hiyo, ni watu wawili tofauti. Uliza pia mabomba ya maji na nyaya zilizofukiwa zinapita wapi, na kando ya barabara usisahau nyaya za mawasiliano, kwa kuwa parafujo haitakuonya kabla ya kuzikata.

Hatari kubwa, na ndiyo inayodharauliwa zaidi, ni parafujo kunasa. Inaposhikwa na mzizi ghafla huku injini ikiendelea kusukuma, nguvu iliyokuwa ikizungusha chuma hugeukia vishikio, navyo humzungusha mtu au kumgonga mbavuni. Baadhi ya mashine zina kilachi kinachoteleza katika hali hiyo, nyingine hazina. Muulize mwenye mashine kabla hujalipa, kisha ujaribu kuiwasha na kuizima mwenyewe hadi kidole kikijue kitufe cha kuzimia bila macho kukitafuta. Ikiwa ni ya kushikwa na watu wawili, wakubaliane ishara ya kusimamisha, maana kelele za injini humeza maneno. Mashine ikinasa, izimwe kabisa, kisha parafujo irudishwe kinyume kwa mkono au kwa spana kubwa. Kuinyanyua kwa nguvu injini ikiunguruma ni kutafuta maumivu ya mgongo, kama si jambo baya zaidi.

Mavazi yabane mwili: suruali, buti ngumu, glavu, miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Shuka, kanzu, skafu na kamba zinazoning'inia vibaki nyumbani.

Injini nyingi za aina hii huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 5 za petroli hupokea mililita 100 za oili, na kwa 25 kwa 1 hupokea 200. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye mashine, si ule unaokumbukwa na fundi. Mafuta yaongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Kuhusu vipimo, theluthi moja ya urefu wa nguzo izame ardhini, hivyo nguzo ya mita 2.4 itahitaji shimo la sentimita 80. Hakikisha basi kwamba parafujo unayokodi inafika kina hicho. Nguzo za mikaratusi ziwe zimetiwa dawa ya mchwa na ziwe tayari uwanjani kabla ya injini kuwashwa, ili mashimo ya siku yajazwe siku hiyohiyo. Yatakayobaki yafunikwe kwa mbao nzito, kwa kuwa ndama na mtoto hutumbukia kwa urahisi uleule.