Kuchagua besi ya kwanza ya bei nafuu: anza na shingo

Gitaa la besi la kwanza mara nyingi hununuliwa kwa rangi yake au kwa jina lililoandikwa kichwani. Lakini mtu akiacha kupiga baada ya miezi miwili, mara nyingi kilichomshinda ni shingo: nyuzi ziko juu mno, vidole vinauma, kila noti inalia zzz. Pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) mbovu hubadilishwa, nobu za kuzungusha sauti hubadilishwa, nyuzi ndio kabisa. Shingo iliyojisokota kurekebishwa kwake kunaweza kuzidi bei ya gitaa zima.

Hatua ya 1: Gawa fedha kabla ya kwenda dukani

Usimalize bajeti kwenye gitaa peke yake. Tenga kama theluthi moja kwa ajili ya amplifaya ndogo ya besi (au ile ya kuchomeka hedifoni), kebo ya mita 3 na mkanda. Mkanda uwe mpana, sentimita 6 au zaidi, kwa sababu besi nyingi zina kilo 3.5 hadi 4.5 na mkanda mwembamba hukata bega. Kutyuni, programu ya simu inatosha. Simu ikishindwa kunasa uzi wa E, ambao uko chini sana, kwenye hezi 41 hivi, gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 (freti ni vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, huhesabiwa kutoka kichwani), upige, kisha utyuni kwa mlio huo wa hamoniki.

Amplifaya ya gitaa la kawaida inafaa kwa mazoezi ya sauti ya chini tu. Ukiifungulia, koni ya spika yake inasukumwa kuliko ilivyotengenezwa kuhimili, na huharibika.

Hatua ya 2: Nyuzi ngapi, urefu gani

Chukua ya nyuzi nne: E, A, D, G. Uzi wa tano unaongeza upana wa shingo na uzi mwingine wa kunyamazisha kabla mkono haujazoea.

Urefu hupimwa kutoka kwenye kizingiti, kile kipande chenye mifereji chini ya kichwa, hadi pale uzi unapoegemea darajani, kwenye kipande kinachoshika nyuzi upande wa mwili wa gitaa. Besi ya kawaida ni inchi 34, fupi ni inchi 30. Kwenye ile ndefu, kutoka freti ya 1 hadi ya 4 ni sentimita 13; kwenye fupi ni kama 11.5. Kwa mtoto au mwenye kiganja kidogo, tofauti hiyo ni kubwa. Ila nyuzi za besi fupi hulegea zaidi, uzi wa E haukazi sana sautini, na seti ya nyuzi lazima iwe ya urefu huo.

Hatua ya 3: Pikapu

Besi nyingi za bei nafuu zinafuata moja ya mifano miwili ya Fender: Precision, iliyoanza mwaka 1951, na Jazz, iliyoanza mwaka 1960. Precision ya kawaida leo ina pikapu moja iliyogawanyika vipande viwili, sauti nene na nobu mbili tu. Jazz ina pikapu mbili, na shingo nyembamba pale kizingitini, kama milimita 38. Ukifunga sauti ya pikapu moja ya Jazz ukasikia mvumo, usidhani ni mbovu. Pikapu za aina hiyo huvuma zikiwa peke yake, na mvumo hupungua zikifunguliwa sawa zote mbili.

Besi yenye betri ya volti 9 ina vidhibiti zaidi, lakini kebo ikiachwa imechomekwa betri inakwisha hata kama hupigi. Kwa kuanzia, isiyo na betri ni bora. Squier, Yamaha na Ibanez zote zina besi za daraja hili. Yenyewe unayoishika ndiyo ikaguliwe, kwa kuwa mbili za modeli moja huweza kutofautiana.

Hatua ya 4: Kagua shingo

Tyuni kwanza, vinginevyo vipimo vyote ni bure. Kisha tazama kutoka kichwani kuelekea darajani kama mtu anayelenga shabaha. Kingo mbili za shingo ziende sambamba. Upande mmoja ukizama na mwingine ukiinuka, shingo imejisokota. Rudisha.

Sasa bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja. Uzi umekuwa rula. Angalia freti ya 7 au ya 8: kuwe na uwazi wa unene wa kadi ya biashara, kama milimita 0.3. Usipokuwepo kabisa, freti za mwanzo zitalia zzz. Ukikaribia milimita 1, shingo imepinda mbele na kubana kutachosha. Hili hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo: kukaza hunyoosha, robo mzunguko kwa mara moja. Mwombe muuzaji aizungushe mbele yako. Kama imeshakazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, usinunue.

Pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12. Milimita 2 hadi 2.5 ni pazuri. Zikiwa juu zaidi, tazama viegemeo vya darajani: kama vimeshashushwa kabisa, hakuna tena pa kushusha.

Halafu piga freti moja moja, uzi kwa uzi, polepole. Freti mbili jirani zikitoa noti moja, ile iliyo upande wa daraja imenyanyuka. Noti inayofifia mapema kwenye uzi wa G, karibu na freti ya 5 hadi ya 7, hutokea hata kwenye besi ghali. Ikiwa kidogo, ivumilie. Ncha za freti zinazokwaruza kiganja zinapigwa tupa.

Hatua ya 5: Umeme

Chomeka, zungusha kila nobu. Mkwaruzo ni vumbi, dawa ya kusafishia swichi huutoa. Sauti ikikatika ukitikisa plagi, jaribu kebo nyingine kabla ya kulaumu gitaa.

Hatua ya 6: Noti zikubaliane

Linganisha hamoniki ya freti ya 12 na noti ya freti hiyo ukiibana. Noti ya kubana ikiwa juu, rudisha kiegemeo cha uzi huo nyuma, mbali na shingo; ikiwa chini, kilete mbele, kuelekea shingo. Nyuzi kuukuu hudanganya hapa, kwa hiyo dukani hakikisha tu skrubu ina nafasi ya kwenda pande zote. Nyumbani vaa nyuzi mpya, seti ya unene wa inchi .045 hadi .105, ziache usiku mmoja zitulie, tyuni, ndipo urekebishe.