Saa za kompyuta za ofisi zisipishane, fanya hivi

Sisi wa Kigoma tuna shida yetu, ukikaa karibu na ziwa simu inanasa mtandao wa Burundi au Kongo ambako wako UTC+2 (masaa mawili mbele ya saa ya kimataifa UTC, sisi tuko matatu mbele), unashtukia saa imerudi nyuma lisaa limoja, sasa yule anayeseti kompyuta kwa kuchungulia simu yake ndo anakuwa ameharibu kabisa. Ofisini mashine tisa kila moja na saa yake, risiti inaonekana imetoka kabla mzigo haujaingia stoo, mhasibu haishi kugomba.

Anza na betri. Ile ya duara kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), CR2032, ikifa basi umeme ukikatika tu mashine inaamka iko miaka ya nyuma huko, hata tovuti za https zinagoma maana vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kazi. Zima, chomoa waya, weka mpya, usitafute mchawi.

Majira ya saa (time zone) yawe Nairobi, UTC+3, kote. Kuna watu wanaacha majira ya Marekani halafu wanasogeza saa kwa mkono, siku ikisoma intaneti inaruka wanalalamika virusi.

Sasa chagua kifaa kimoja kisichozimwa kiwe ndo mwenye saa, wengine wote waulize kwake, hata intaneti ikikata mtakuwa pamoja. Kwetu ni ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7 (mfumo wake): washa NTP Client (NTP ndo njia ya mashine kuulizana saa kwenye mtandao) umpe africa.pool.ntp.org, washa na NTP Server ili igawie wengine, kwenye fayawoli yake ruhusu UDP 123, mlango wa NTP. Halafu kila Windows fungua cmd (dirisha la kuandika amri) kama admin, andika (IP weka ya ruta yako):

net start w32time
w32tm /config /manualpeerlist:"192.168.88.1,0x8" /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync

Hiyo 0x8 usiiruke, ndo inaifanya Windows iombe saa kama mteja wa kawaida, bila hiyo seva nyingine zinakaa kimya na utahangaika mpaka jioni. Na kama saa imepotea zaidi ya masaa 15 Windows inakataa kuruka mbali hivyo, isogeze kwanza kwa mkono ndo urudie.

Ila kama mna domeni (mashine zote zinasimamiwa na seva moja ya Windows au zaidi), mashine za watu ziache, rekebisha domain controller (hiyo seva) yenye kazi ya PDC tu, yaani ile kuu inayoshika saa, zingine zinafuata zenyewe. Huko saa zikipishana zaidi ya dakika 5 mtu hata kuingia anakataliwa.

Ukimaliza piga w32tm /query /status, angalia Source. Ikisema Local CMOS Clock ujue bado inajisikiliza yenyewe, rudi kwenye fayawoli ya ruta.