Somo: Kupanga kuta na darasa ili watoto wafuate kipindi

Walimu wenzangu, leo tunaanza kwa kubandua.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto 24 wa chekechea vipindi vifupi vya sayansi, vingine katika darasa lililosheheni mapambo, vingine kuta zikiwa tupu. Penye mapambo walipata asilimia 42 ya majibu sahihi, penye kuta tupu 55. Walikuwa wadogo sana, kwa hiyo msikimbilie kuyahamishia sekondari.

Hatua ya 1: Kaa kwenye dawati la mtoto, nyuma, mbele na pembeni. Tazama ubaoni uone jicho linavutwa na nini. Nilipojaribu, niligundua kuwa chati ya herufi niliyojivunia mwaka mzima inameta kwa mwanga wa dirisha. Waliokaa kushoto hawakuwa wakiona kitu!

Hatua ya 2: Ukuta wa ubao ubaki na kinachohusu mada ya wiki hii tu. Vinavyoning'inia darini vishushe.

Hatua ya 3: Kwa kila chati jiulize, nani ameitazama wiki hii? Iliyomaliza kazi ikunje uitunze. Kazi za watoto zipeleke ukuta wa nyuma, na zibadilishwe. Usiondoe vyote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, uliopitia madarasa 153 ya shule za msingi (2015), ulishauri asilimia 20 hadi 50 ya ukuta ibaki wazi.

Hatua ya 4: Chati zisizibe madirisha. Kati ya vipindi fungua hewa iingie. Darasa lenye hewa nzito humsinziza hata mwalimu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mkaguzi akikuta kuta wazi si ataandika sina zana?
Jibu: Mwonyeshe chati ulizotunza, kila moja na mada yake na wiki uliyoitumia. Anayehesabu karatasi ukutani tu, huyo ni mtihani wako mwingine.

Swali: Nipake rangi gani?
Jibu: Kuta ziwe za rangi hafifu, na ukuta mmoja ukolee kidogo. Inatosha.

Swali: Sisi tuko kando ya reli. Kuta zitasaidia nini?
Jibu: Kidogo sana, ndugu yangu. Utafiti wa 1975 katika shule moja ya New York ulikuta watoto wa madarasa ya upande wa reli wako nyuma katika kusoma kuliko wa upande tulivu. Kelele zilipopunguzwa baadaye, pengo likafutika. Ukipata nafasi, vipindi vya kusoma vihamishie chumba cha upande wa pili. Treni ikipita, nyamaza, kisha rudia sentensi nzima.

Swali: Nikiondoa herufi ukutani, asiyezijua bado atafanyaje?
Jibu: Mkatie kipande chembamba chenye herufi zote, ukibandike juu ya dawati lake. Akishazijua, mwachie akibandue mwenyewe.