Somo: Maua ya porini kwa rangi za mafuta, bila kugeuka tope

Swali la "mbona maua yangu yanakuwa tope" nimelijibu mara nyingi mno. Naliandika hapa, mwenye shida asome kwanza.

1. Paka kanvasi rangi hafifu ya udongo nyumbani, ikauke.
2. Ukifika porini, chagua kipande kidogo cha kuchora, si uwanda mzima.
3. Kaa kivulini. Kanvasi ikipigwa na jua utachanganya rangi za giza mno, utagundua ukiwa ndani.
4. Finya macho, gawanya mwanga na kivuli. Una kama saa 2 kabla vivuli havijahama.
5. Majani: rangi nyembamba, iliyolegezwa kwa tapentaini. Tia nyekundu kidogo, kijani kitulie.
6. Maua. Hapa niliharibu kazi za msimu mzima. Nilipaka nyasi nzito, kisha nikaweka ua jekundu juu yake zikiwa bado mbichi. Nyekundu na kijani zikichanganyika huuana, unabaki na kahawia. Na usisubiri zikauke ukiwa pale pale: rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni, huchukua siku. Panapotakiwa ua, kwaruza kijani kwa kisu mpaka kanvasi ionekane. Chota rangi nzito, isiyo na tapentaini. Iweke mara moja, inua mkono. USISUGUE. Futa brashi kila mguso. Wala usikimbilie nyeupe ili ua ling'ae. Nyekundu itapoa iwe waridi. Ua hung'aa kwa sababu majani yanayolizunguka yametulia.

Maswali

— Mkuu, maua yangu yanakuwa tope, nifanyeje?
Namba 6.

— Nimesoma, bado tope.
Ulikwaruza kijani? Ulifuta brashi? Kama hapana, hujajaribu.

— Naomba kuuliza, mwalimu. Kivuli cha ua la njano nikitia nyeusi kinatoka kijani. Kwa nini?
Swali zuri sana. Nyeusi nyingi zina ubuluu ndani yake, ukikutana na njano unapata kijani. Tumia njano ya udongo na kahawia kidogo. Halafu litazame ua lenyewe: petali nyembamba hupitisha mwanga, kivuli chake mara nyingi kinakaribia rangi ya chungwa. Jaribu petali moja, utuletee tuone.

— Matambara ya kufutia mnayatupaje?
Usiyarundike kamwe. Mafuta ya kitani, yaliyomo kwenye rangi hizi, yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yaloweke maji kwenye kopo la chuma lenye kifuniko.

— Nyongeza: msivae shati jekundu, rangi yake inaakisi kwenye kanvasi.
Kweli kabisa. Mimi huvaa kijivu.