Kuigiza mtu aliyetekwa akili bila kumgeuza msukule

Mtazamaji wa Moshi akimwona mtu amekodoa macho, anatembea kama kasukumwa, haitiki akiitwa, jibu analo tayari: huyu kachukuliwa msukule, au ana mapepo. Filamu zetu zimemzoesha hivyo. Kikundi kinachotaka kupiga filamu fupi ya wasafiri wa anga kwa mtindo wa tamthilia za zamani kina kazi moja ya kufanya kabla ya kufikiria mavazi: kuweka kanuni. Kinachomteka mtu ni nini? Kinashika mwili, hisia au kumbukumbu? Na nini kinamfungua? Kwenye filamu ya msukule mganga anakuja na kumaliza kwa namna yake. Kwenye hadithi ya anga mganga hayupo, kwa hiyo kufuli na ufunguo lazima vionekane mapema.

Star Trek ya kwanza, tamthilia ya televisheni ya wasafiri wa anga iliyorushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969, ni darasa zuri kwa sababu karibu kila kipindi cha aina hii kina kufuli lake. Katika “This Side of Paradise” (1967) mmea unawapulizia watu vumbi lake, wanajaa raha na kugoma kurudi chomboni. Hasira kali ndiyo inayowazindua. “Operation: Annihilate!” ya mwaka huohuo ina viumbe wanaojipachika kwenye mishipa ya fahamu na kumtiisha mtu kwa maumivu, dawa yao ni mwanga. “Plato’s Stepchildren” (1968) imegeuza: akili iko huru, mwili ndio unaochezeshwa kama kikaragosi. Unaona kwamba waigizaji wa visa hivi vitatu hawawezi kuwa na sura moja. Wa kwanza anatabasamu, wa pili anauma meno, wa tatu macho yanakataa huku mikono inatii. Chagua kisa kimoja. Wengi huharibu hapa, wanachanganya vyote na kuishia na zezeta.

Kwa bajeti ndogo, kilicho rahisi ni mfano wa “Dagger of the Mind” (1966): kiti, taa juu ya kichwa, na mtu chumba cha pili anayesema maneno. Akili inafutwa na taa, kisha chochote kinachosemwa kinaingia. Daktari Van Gelder, aliyepitishwa humo, anapata maumivu akijaribu kutaja jina lake tu. Hilo ibeni kwa roho safi, maana halihitaji hata shilingi: mhusika anayeshindwa kumalizia jina lake mwenyewe anatisha kuliko anayekoroma.

Kiti ni cha kinyozi. Ongea na mwenye saluni akupe muda wa saa mbili, asubuhi ya siku isiyo na wateja, na uzibe vioo kwa shuka jeusi, la sivyo mpiga picha ataonekana kila upande.

Taa ni ungo. Chukua wa kipenyo cha sentimita 45 hivi. Foili ya jikoni ifinyange kwanza kama karatasi ya kutupa, kisha ikunjue na uibandike upande wa ndani kwa gundi ya mbao. Ikibaki laini itatoa doa moja jeupe; ikiwa na mikunjo mwanga unavunjika vipande vipande na ungo unasahaulika kuwa ungo. Katikati funga taa ya kuchaji, ile ya kuwasha umeme ukikatika. Usitumie balbu ya waya wa ukutani: foili inapitisha umeme, na ncha moja iliyochubuka inatosha kumrusha mtu. Ning’iniza kwa waya kwenye boriti, nusu mita juu ya kichwa. Ubao wa jipsamu haubebi.

Kutaka mwanga upigepige, kata boksi duara lenye matundu manne, mtu alizungushe kwa mkono chini ya taa. Mzunguko mmoja kwa sekunde mbili unatoa mimweko miwili kwa sekunde. Msizidi mitatu: mimweko ya kasi inaweza kumwangusha mwenye kifafa, awe mwigizaji au mtazamaji.

Ukipiga ndani kwa taa za ukutani, picha inaweza kujaa mistari inayopanda na kushuka. Umeme wetu ni wa hezi 50. Fungua kamera ya simu kwenye hali ya kuseti mwenyewe, weka shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari inatulia. Kisha bonyeza uso kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Usipofanya hivyo simu itabadili mwanga kila ungo unapomweka.

Sasa ule mkanda wa mwanga machoni, ambao Star Trek iliupenda sana. Chumba kiwe giza. Washa tochi ya simu ya pili, mita 2 kutoka usoni. Katikati, yaani mita 1, simamisha boksi lenye mpasuko wa ulalo wa sentimita 3. Usoni utapata mkanda wa sentimita 6: nyusi, macho, basi. Tumia tochi ya simu kwa sababu chanzo chake ni kidogo, kwa hiyo kingo za mkanda zinakuwa kali. Taa pana itakupa ukungu. Mkanda ukikaa puani, mwigizaji asihamishwe. Inua boksi kidogo kidogo, sentimita moja inabadilisha mbili usoni.

Uigizaji wenyewe ni mambo madogo. Mtu wa kawaida anapogeuka, macho hutangulia na kichwa hufuata. Mtekwa afanye kinyume: kichwa kwanza, macho baadaye. Akiulizwa, ahesabu moja kimoyomoyo kabla ya kujibu, na kimya hicho kiwe kilekile kila mara, hata akiulizwa kama amekula. Kupepesa asiache kabisa. Vumbi la kiangazi litamtoa machozi na tutarudi kwenye mapepo. Apepese mara moja, kabla ya kujibu. Sauti asiibadilishe. Wengi hushusha sauti iwe nzito, na papo hapo ukumbi unacheka.

Yote hayo hayana maana kama hatukumwona akiwa mzima. Mpe sekunde 20 za mwanzo na tabia moja iliyo wazi: anaitika “abee mama” kabla hajamaliza kuitwa, au hawezi kunywa chai bila kuipuliza mara tatu. Akitoka kwenye kiti, chai ile anaibwia ya moto. Hakuna haja ya muziki.

Mlio wa mashine: rekodi feni ya mezani kwa dakika moja, punguza kasi iwe nusu, mlio utashuka oktavu nzima.

Kama mna watu wengi na ujasiri, kuna “The Return of the Archons” (1967), ambako mji mtulivu unalipuka kwa fujo saa ikigonga sita ya Wazungu, ndiyo saa 12 jioni kwetu. Mnara wa Saa wa Moshi unaomba kisa hicho. Ombeni ruhusa, waigizaji wasizidi wanne, na fujo iwe ya watu kuganda ghafla, maana mkikimbia na kupiga kelele pale jioni mtakimbizwa mkidhaniwa wezi.

Mkimaliza kuhariri, mwonyesheni mtu ambaye hajasoma hadithi, bila sauti, mkamuulize huyu kafanywa nini. Akisema “ile taa”, pelekeni filamu kwa watazamaji. Akisema msukule, rudini mkapige upya zile sekunde 20 za chai.