Kinu cha upepo kwa bwawa la uani: panga idadi ya samaki kwa kufikiria alfajiri ya shwari

Ukiwa na bwawa la samaki uani, litembelee kabla ya adhana ya Alfajiri, na tochi mkononi. Ukiwakuta perege wamejazana juu, midomo imetokeza, wanagugumia hewa na wala hawashtuki ukiwamulika, jua oksijeni imekwisha majini. Jua likishachomoza watazama tena kama hapakuwa na jambo. Ndiyo maana wafugaji wengi hawajui kwamba samaki wao hukesha wakitafuta pumzi, kisha wanashangaa mbona hawanenepi.

Mchana, vijimea vinavyoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku navyo huivuta, pamoja na samaki wenyewe na matope yanayooza chini, na akiba hupungua tangu magharibi hadi kukaribia kucha. Joto letu halisaidii. Maji matamu ya nyuzi 30 yakishiba kabisa hubeba oksijeni miligramu 7.5 hivi kwa lita, na ya bahari kama 6 tu, kwa hiyo anayefuga mwatiko, samaki wa maji ya chumvi, ana akiba ndogo zaidi. Kambale asikudanganye, yeye anaweza kupanda juu na kuvuta hewa ya kawaida.

Upepo wa kuyakoroga maji hayo tunao huku visiwani. Kaskazi hutufikia kuanzia Disemba hadi Machi, kusi kuanzia Juni hadi Septemba, na kinu hakidai umeme. Waliokuwapo Unguja mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, miezi mitatu bila umeme wa gridi, hawahitaji kuelezwa thamani ya hilo. Lakini upepo wetu mara nyingi hupanda mchana na kutulia usiku wa manane. Wakati wa tanga mbili, yaani kati ya kaskazi na kusi, na katika siku za mawingu mazito ya masika, unaweza kukaa shwari kabisa. Yaani kinu hulala saa ile ile samaki wanapokihitaji. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakisimamisha kinu, kisha wakaongeza vifaranga mara mbili kwa kukitegemea. Usifanye hivyo. Weka perege 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 10 lichukue 200 hadi 300, kinu kiwepo kisiwepo.

Faida yake iko alasiri. Wakati huo maji ya juu yana joto na yameshiba oksijeni hadi inaponyoka hewani, na chini ni baridi na hakuna kitu. Kinu kinayakoroga, kinaishusha ile ya juu, na bwawa lote linaingia usiku likiwa na akiba. Matope nayo yakipata hewa kila siku huoza vizuri, na usiku hayanyang'anyi samaki pumzi kwa wingi kama mwanzo.

Cha bei nafuu ni kinu cha pipa. Pasua pipa la lita 200 kwa urefu, vipande viwili uviweke kama herufi S kwenye mhimili wa bomba uliosimama wima. Ubunifu huu ni wa Mfini Sigurd Savonius, miaka ya 1920. Hupokea upepo wa upande wowote bila kugeuzwa, na hapa kwetu ambapo upepo hubadilika na msimu hilo ni jambo kubwa. Chini ya mhimili funga vibao vinne vya kupiga maji, vizame sentimita 8 hadi 10 tu. Egemeza vyote juu ya miti miwili ya mvinje iliyokatiza bwawa, na beringi zote ziwe juu ya maji. Chumvi ya pwani hula chuma upesi. Paka rangi mara mbili, tia grisi kila mwezi, na ukisikia beringi inalia usingoje wiki iishe.

Nguvu ya upepo huongezeka mara 8 kasi yake ikizidi maradufu, kwa hiyo mahali pa kusimamisha kinu pana uzito kuliko ukubwa wake. Uwanda wa Micheweni huko Pemba au Makunduchi huko Unguja uko wazi. Ila mabonde ya mikarafuu ya Pemba na nyumba zilizozungukwa na minazi hazipati upepo wa maana, na kinu cha pipa huko kitakuwa pambo. Aliye mahali kama hapo afikirie kinu cha mapanga kinachosukuma pampu ya hewa: mlingoti unasimama kilimani palipo wazi, na mpira unapeleka hewa hadi jiwe la mapovu, lenye vitundu vya kuitoa hewa, bwawani. Jiwe lining'inie sentimita 30 juu ya sakafu, lisitibue matope.

Bwawa lililokaa miaka bila kukorogwa lina sumu chini, yenye harufu ya yai bovu. Ukilikoroga kwa nguvu siku ya kwanza, sumu hiyo itapanda na kuua samaki. Ondoa matope kwanza. Wiki ya kwanza kiachie kinu kizunguke alasiri kwa muda wa saa mbili au tatu tu, kisha kifunge kwa kamba. Kamba hiyo hiyo utaihitaji kusi likichachamaa.

Usitupe ndoo pia. Chukua moja, itoboe kitako matundu madogo mengi, itundike juu ya bwawa. Alfajiri ya shwari ukiwakuta samaki wamepanda, mimina maji ya kisima humo yashuke kama mvua, kwani maji ya kisima yenyewe mara nyingi hayana oksijeni na hayafai kumiminwa moja kwa moja. Asubuhi hiyo usiwape chakula mpaka jua lipande na uone wote wamerudi chini.