Kabla ya kutunga sheria ndogo ya kuni, pima sufuria ya shule

Mimi ni diwani wa wanawake katika gombolola (ngazi ya utawala chini ya wilaya) moja wilayani Busia, upande wetu wa Uganda. Kila mkaa ukipanda bei, hakosi mwenzetu wa kusimama barazani na kudai tutunge sheria ndogo: marufuku kukata miti, marufuku kuchoma mkaa, faini kwa atakayekamatwa. Tunapiga makofi, karani anaandika, soda zinagawiwa, tunaagana. Nawaandikia madiwani na wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, wanaotaka matumizi ya kuni yapungue kweli.

Marufuku tumeshaziona. Kaveera nyepesi, yaani mfuko wa plastiki, ilipigwa marufuku tangu 2009, na nyanya za sokoni bado nafungiwa humo humo, mara nyingine na askari amesimama pembeni akisubiri zake. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia biashara ya mkaa kaskazini, na malori ya mkaa yakaendelea kukamatwa barabarani. Sisemi amri ile haikuwa na sababu. Kwa tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hula kilo saba hadi kumi za kuni, kwa hiyo kila gunia linaloingia mjini limeacha nyuma yake miti mingi kuliko inavyoonekana. Lakini faini ambayo gombolola inaruhusiwa kisheria kutoza ni ndogo, mchomaji anaihesabu kama gharama ya safari na kuendelea.

Halafu kuna jambo ambalo barazani halisemwi kwa sauti. Gombolola ya vijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato ya ndani inayokusanya, na ushuru wa magunia ya mkaa ni sehemu ya mapato hayo. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ni kumwomba mhasibu daftari la mapato. Angalia mkaa unaleta kiasi gani. Kama ndio unaolipa posho za vikao vyenu, marufuku mtakayopitisha itakuwa ya kupamba ubao wa matangazo tu.

Ukishajua hilo, mwache mama mwenye sigiri na magunia mawili kando ya barabara. Tafuta majiko makubwa: shule, kituo cha polisi, hoteli za mpakani, wachoma matofali. Ushauri wangu ni kuanza na shule, kwa sababu huko baraza lina mdomo. UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilianza 1997, ila chakula cha mchana kimebaki mzigo wa wazazi, na mahali pengi mtoto hubeba kijiti cha kuni pamoja na daftari. Mzazi anayelipia kuni atasikiliza hesabu ya kuni.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu kutoka Kampala. Azima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa mahindi. Pima kuni asubuhi kabla moto haujawashwa, pima zilizobaki wali au posho (ugali) na maharage vikishaiva, toa, gawanya kwa idadi ya waliokula siku hiyo. Rudia kwa wiki nzima ya masomo, maana siku ya maharage hailingani na siku ya uji. Mwombe mpishi mkuu aandike mwenyewe. Ukimleta mgeni mwenye kalamu, siku hiyo moto utachochewa kwa adabu na takwimu zako zitakuwa za uongo.

Sasa jiko. Mafiga matatu yanapasha joto upepo kuliko sufuria. Jiko la matofali ambalo sufuria inazama ndani yake, lenye bomba la moshi, hupunguza kuni kwa kiasi kikubwa, na mafundi wa kulijenga wapo. Kwa nyumba za watu, jiko la udongo la Lorena linatosha na halidai pesa nyingi. Lakini jiko la shule lina adui mmoja ambaye wafadhili hawamtaji: mdomo wake ni mdogo. Unataka kuni zilizopasuliwa nyembamba. Mpishi anayeletewa magogo na hana wa kumsaidia kupasua, atachukua nyundo na kuubomoa ule mdomo hadi gogo lipite, na tangu siku hiyo jiko lako la mamilioni ni mafiga yenye bomba. Simlaumu hata kidogo. Mia sita wanasubiri kula na yeye ana mikono miwili.

Kwa hiyo sera nzuri ya nishati, kwa ngazi yetu, iko zaidi ndani ya mkataba wa kununua kuni kuliko ndani ya sheria. Kaeni na kamati ya shule muandike hivi: kuni ziletwe zimepasuliwa, zinunuliwe kwa ujazo, zikiwa zimepangwa ndani ya fremu ya mita moja kila upande, na za muhula wa pili ziletwe muhula wa kwanza. Kununua kwa lori kunampa dereva nafasi ya kupanga magogo na kuacha mapengo. Kununua kwa kilo ni kubaya zaidi, kwa sababu mti uliokatwa jana karibu nusu ya uzito wake ni maji, na utakuwa unalipia maji kisha unachoma kuni nyingine kuyakausha. Mvua zetu za Machi hadi Mei zinajulikana, kwa hiyo jengeni banda la mabati lenye pande wazi. Banda hilo, nathubutu kusema, litaokoa kuni nyingi kuliko semina yoyote. Ongezeni na kifungu cha maharage kulowekwa usiku kucha. Watu hucheka nikikitaja, mpaka mizani iwaonyeshe.

Pesa zitoke wapi? Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai mosi, na bajeti hupitishwa kufikia mwisho wa Mei. Mkutano wa bajeti hufanyika miezi mingi kabla, na aliyenyamaza hapo asije kulia Aprili. Nendeni na ile karatasi ya mpishi: kilo kwa mtoto kwa siku, bei ya kuni, jumla kwa mwaka. Ombeni vifungu viwili vinavyosimama mbali mbali, kimoja cha kujenga jiko na kingine cha kulitunza kila mwaka, yaani kusafisha masizi ya bomba na kubadilisha matofali yaliyopasuka. Wakiwakatia kimoja, pigania cha pili.

Sheria ndogo mnaweza kuiandika baadaye, iwe fupi, na ilenge wakubwa: kwa mfano, kila taasisi inayopikia watu wengi iwe na jiko la kuokoa kuni, na ipande miti yake. Baraza la LC3, yaani la gombolola, likishaipitisha, hupelekwa baraza la wilaya lithibitishe kwamba haipingani na Katiba wala sheria za nchi. Mshirikisheni ofisa misitu wa wilaya tangu rasimu ya kwanza, na mtaje Sera ya Nishati ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2002. Wilayani wanapenda kuona kamba imefungwa kwenye mti mkubwa.

Upande wa umeme nitakuwa mfupi, maana kwa gombolola yetu bili ndogo ndiyo hiyo. Umeme siku hizi unauzwa na UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika Machi 2025, na bei hupangwa na mamlaka ya udhibiti, ERA, kila robo mwaka. Kwa viwango vya 2025, mteja wa nyumbani alilipa shilingi 250 kwa kila yuniti katika 15 za kwanza, takriban 756 hadi ya 80, kisha 412 kuanzia 81 hadi 150, ambayo ndiyo bei ya kupikia. Wengi hawajui kwamba inashuka hapo katikati. Mwalimu anayepika kwa sufuria ya presha ya umeme na kutumia vya kutosha anaweza kufika kwenye bei hiyo; anayewasha taa tatu na redio hataiona kamwe, kwa hiyo msimhubirie. Wenye vinu walio kwenye kundi la viwanda vya kati hulipa kulingana na saa, na ghali zaidi ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku. Wahimizeni wasage mchana.

Ofisini kwenu, mpeni mtu mmoja kazi ya kuandika salio la Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kila Ijumaa jioni na kila Jumatatu asubuhi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo umeme uliotumika ofisi ikiwa imefungwa. Zikibandikwa mlangoni, swali la nani aliacha kompyuta na taa za nje zikiwaka litaulizwa na wananchi wenyewe.